Nyeusi na Dhahabu

Mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka jana, mwalimu mmoja wa sekondari alileta Corolla yake katika gereji yangu hapa Ng'ambo, Tabora, akaniomba niipake rangi nyeusi na kuizungushia mistari ya dhahabu. Alitoa simu mfukoni ili anionyeshe mfano, na kabla picha haijafunguka nilikwisha kulitambua gari la mashindano la Uingereza alilokuwa nalo moyoni. Nikamwambia, "Hiyo ni Lotus, Mwalimu," naye akavuta kopo tupu la rangi, akaketi, tukazungumza hadi adhana ya magharibi.

Gari lile nililiona kwa mara ya kwanza Urambo mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi. Baba alikuwa mkulima wa tumbaku, na katika ghala la chama cha msingi tulikopeleka marobota yetu palikuwa na kalenda ya ukutani yenye picha ya gari jeusi la mashindano, refu, lililolala chini kama mamba, likiwa na maandishi na mistari ya dhahabu. Maneno yale ya Kiingereza sikuweza kuyasoma, lakini rangi niliisoma, kwa sababu kusoma rangi ndiyo kazi tuliyoifanya nyumbani kila msimu. Majani yakishatoka kwenye bani yamekauka, mama, dada zangu na mimi tuliketi mkekani tukiyachambua kwa madaraja, ya limau huku, ya chungwa kule, yenye wekundu wa mbao za mninga pembeni, na jani moja lililoingia katika robota lisilo lake liliweza kushusha bei ya robota zima. Baba alitukataza kuchambua jioni, kwa kuwa jua likianza kuzama kila jani huonekana la chungwa. Hadi leo sichanganyi rangi ya gari baada ya saa tisa alasiri.

Nimepaka rangi magari kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na usiku wangu mwingi nimeutumia kusoma habari za magari ya mashindano ya zamani. Ninachokiamini, na ambacho nilimweleza Mwalimu jioni ile, ni kwamba rangi zilizobaki katika kumbukumbu za watu ni zile zilizokuwa na kazi. Zilitumwa kutambulisha nchi, kuuza mafuta, kupunguza mwanga wa jua machoni pa dereva, na mara nyingi kuliko yote kuuza jani lile lile tulilolichambua mkekani.

Hapo mwanzo rangi ilikuwa ya taifa. Ni desturi iliyoanza na kombe la Gordon Bennett mwaka 1900 na kukomaa katika miaka iliyofuata: Ufaransa ilishika buluu, Uingereza kijani, Italia nyekundu, Ubelgiji njano na Ujerumani nyeupe. Hadithi inayosimuliwa zaidi katika zama hizo ni ya Mercedes-Benz. Kanuni mpya ya mwaka 1934 ilitaka gari la Grand Prix, yaani mashindano makubwa ya magari ya kimataifa, lisizidi kilo 750, bila kuhesabu dereva, mafuta wala matairi. Meneja wa timu, Alfred Neubauer, alisimulia baadaye kwamba usiku wa kuamkia mashindano ya Eifel kwenye uwanja wa Nürburgring gari lao jipya la W25 lilipimwa likakutwa na kilo 751, ndipo mafundi wakakesha wakiikwangua rangi nyeupe mpaka alumini ikabaki wazi, na asubuhi gari likatoka na rangi ya fedha. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka simulizi hiyo, nao wana sababu nzuri: mashindano yale hayakuendeshwa kwa kanuni ile ya uzito, na Mercedes yenye bodi ya alumini isiyopakwa rangi ilikwisha kukimbia kwenye uwanja wa AVUS mjini Berlin mwaka 1932.

Nakubaliana na wanahistoria. Hata hivyo, kama fundi, naweza kushuhudia kwamba kilo moja ya rangi ni jambo la kawaida kabisa. Bati lililonyooshwa kwa nyundo haliwi laini; hujazwa puti, likapigwa msasa, likapakwa praima, kisha rangi yenyewe tabaka juu ya tabaka. Wakati mmoja nilikwangua Land Rover kuukuu hadi kwenye bati, nikazoa vumbi na maganda yote nikayaweka kwenye kiroba, nikayapeleka kwenye mizani ya jirani yangu muuza mchele. Yalizidi kilo tatu. Kwa hiyo, hata kama usiku ule wa Nürburgring haukuwapo, aliyeitunga hadithi alikuwa mtu anayeifahamu rangi kwa mkono.

Marekani ilipewa nyeupe kwa bodi na buluu kwa chasi. Bodi za magari zilipoanza kushuka na kufunika kila kitu, chasi haikuonekana tena, na buluu ile, kama inavyoelezwa mara nyingi, ikapandishwa juu na kuwa mistari miwili iliyopita katikati ya boneti, kama tunavyoiona kwenye magari ambayo Mmarekani Briggs Cunningham aliyapeleka katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, katika miaka ya 1950. Baadaye Mmarekani mwenzake, mtengeneza magari Carroll Shelby, aliigeuza, gari zima likawa buluu na mistari ikawa myeupe, na kwa rangi hizo magari yake ya Daytona yakatwaa ubingwa wa dunia wa magari ya GT mwaka 1965. Kila kijana anayeniomba mistari miwili juu ya boneti ya Vitz au IST anaomba chasi ya Kimarekani bila kujua, nami humweleza habari hiyo kabla sijakata utepe wa karatasi, maana naona ni haki yake kujua anachokivaa.

Uzito wa rangi ya taifa ulionekana wazi mwaka 1964. Enzo Ferrari aligombana na wakuu wa michezo ya magari wa Italia, waliokataa kumuunga mkono katika suala la kuidhinishwa kwa gari lake la 250 LM, na kwa hasira aliyaingiza magari yake ya Formula 1, daraja la juu la mashindano ya dunia, katika mbio mbili za mwisho, Marekani na Meksiko, chini ya jina la timu ya Kimarekani, yakiwa yamepakwa nyeupe na buluu. Dereva wake John Surtees akatwaa ubingwa wa dunia kwa tofauti ya pointi moja, ndani ya Ferrari isiyokuwa nyekundu. Nimeitazama picha ya gari lile mara nyingi, na kila mara jicho langu huuliza mwenye gari ni nani.

Kisha ikaja tarehe 1 Januari 1968, na ikaja kwetu Afrika. Huko Kyalami, Afrika Kusini, John Love wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, aliingia mashindanoni na Brabham iliyovaa rangi za sigara za Gunston. Hiyo hutajwa kuwa mara ya kwanza gari la Formula 1 kuvaa rangi za pakiti ya sigara. Miezi michache baadaye Colin Chapman, mwenye timu ya Lotus, aliileta Lotus 49 Ulaya ikiwa nyekundu, nyeupe na dhahabu, rangi za sigara za Gold Leaf, na kile kijani chenye mstari wa njano ambacho dereva wake Jim Clark alikipa ubingwa mwaka 1963 na 1965 kikaondoka. Wapo waliohuzunika, nami ninawaelewa. Lakini tangu siku hiyo aliyechora rangi za magari alikuwa mtu wa aina nyingine, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mnunuzi aliyesimama nje ya duka lenye kiza, hata kama hajui kusoma, ataionyeshea kidole pakiti moja kati ya kumi na mbili na kusema "ile pale". Mtu huyo aliposogezewa gari linalopita kwa kilometa 280 kwa saa, alikuwa tayari anayo majibu.

Majibu bora kuliko yote yalitoka mwaka 1972, Lotus 72 ilipovaa nyeusi na dhahabu za sigara za John Player Special. Gari lenyewe lilikuwa na umbo la kabari, pua nyembamba na rejeta zilizohamishiwa ubavuni, na mchoraji hakushindana na umbo hilo. Aliifuata kingo yake kwa mstari mwembamba wa dhahabu, hivi kwamba ukiuondoa weusi wote ukabakiza mistari peke yake, bado utaliona gari. Hapa ndipo ninapomheshimu sana yule mtu. Wateja wengi huniletea mchoro unaopita popote, ukakata mlango katikati na kupanda juu ya tanki la mafuta bila sababu, na gari likitoka huonekana kama limefungwa kamba. Mstari wa Lotus ulikaa pale ambapo bati lenyewe linakunjika.

Emerson Fittipaldi alitwaa ubingwa wa dunia na gari hilo mwaka ule ule, akiwa na miaka 25. Mario Andretti aliutwaa kwa Lotus 79 mwaka 1978, na Ayrton Senna alipata ushindi wake wa kwanza katika rangi hizo hizo huko Estoril, Ureno, mwezi wa nne mwaka 1985, mvua ikimwagika. Picha za siku ile ninazipenda kupita zote, kwa sababu nyeusi iliyolowa hugeuka kioo, na dhahabu huonekana imesimama hewani bila gari chini yake. Mwaka 1987 timu ilihamia kwa sigara nyingine na gari likawa la njano tupu. Kalenda ya pale ghalani ilikuwa ya mwaka wa mwisho wa weusi, jambo ambalo nililigundua nikiwa mtu mzima.

Sitetei sigara. Baba hakuvuta hata siku moja, na miti ya miombo iliyoteketea kwenye mabani ya Urambo nimeiona kwa macho yangu ikiisha. Umoja wa Ulaya ulipoyapiga marufuku matangazo hayo kuanzia mwaka 2005, ulifanya jambo la haki. Ninachosema ni kwamba jani lililotoka mikononi mwetu lilikwenda Morogoro kiwandani, likavuka bahari, na huko likalipia rangi ambazo dunia haijazisahau, na sisi tuliolichambua hatukupata kuambiwa. Tena rangi hizo zilikuwa na nguvu kuliko maneno. Katika nchi zilizokataza majina ya sigara, jina lilifutwa ubavuni mwa gari na rangi ikaachwa, na hakuna mtazamaji aliyepotea. Marlboro iliendelea kusomeka kwenye McLaren nyekundu na nyeupe hata pale ambapo herufi zake hazikuruhusiwa.

Mwalimu aliniuliza kama hakuna rangi kubwa isiyotoka kwenye tumbaku. Ipo, na ni ya mafuta. Kampuni ya Gulf ilikuwa na buluu iliyoiva na chungwa, lakini iliponunua kampuni ya Wilshire ya California, makamu wa rais wa Gulf, Grady Davis, aliipenda samawati hafifu ya kampuni ile iliyonunuliwa, akaona kuwa ingependeza zaidi kwenye gari la mashindano. Timu ya John Wyer ikayapaka magari yake samawati hiyo na kuyapitishia chungwa katikati. Ford GT40 moja, ile ile yenye namba ya chasi 1075, ilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1968 na tena mwaka 1969, safari ya pili Jacky Ickx akimtangulia Hans Herrmann kwa mita kama 120 baada ya usiku na mchana mzima.

Lakini gari ambalo watu hulitaja wakisikia rangi hizo ni Porsche 917 ya mwaka 1970 na 1971, nayo haikushinda Le Mans hata mara moja ikiwa na samawati ile. Mwaka 1970 ilishinda 917 nyekundu na nyeupe, mwaka 1971 ikashinda nyeupe yenye mistari ya Martini, kampuni ya vinywaji. Waulize watu kumi wanaopenda magari, tisa watakuchorea ile iliyoshindwa. Nimeichanganya samawati hiyo kwa ajili ya bajaji mbili hapa mjini: nyeupe nyingi, buluu kidogo, na tone la kijani ambalo ukilizidisha umeharibu kopo zima. Chungwa lake nalo lina tabia yake, maana halifuniki. Ukilipiga moja kwa moja juu ya samawati hugeuka matope, kwa hiyo lazima kwanza upige nyeupe chini yake, usubiri, ndipo ulipake. Rangi hizo mbili zikigusana bila mpaka, jicho huchoka kwa kuzitazama, na mimi huweka kati yake uzi wa buluu iliyoiva usiozidi unene wa kijiti cha kiberiti.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa na sheria zake za rangi ambazo hazikuandikwa popote. Tope lilifunika kila kitu kabla ya saa sita mchana. Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, na weusi ule haukuwekwa kwa urembo: boneti ndefu inayong'aa chini ya jua la ikweta humrudishia dereva mwanga machoni siku nzima. Ninawapakia boneti za namna hiyo madereva wanaokwenda Mpanda na Kigoma, nao huniambia macho yanapumzika. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda Safari na Opel Ascona nyeupe, buluu na nyekundu za sigara za Rothmans, na mwaka 1997 Colin McRae akaishinda na Subaru ya buluu na njano, rangi zilizotoka kwenye pakiti ya sigara za 555. Tarakimu za 555 ziliondoka baadaye, buluu na njano zikabaki kuwa za Subaru yenyewe. Nimepaka Impreza nne za namna hiyo, na mmoja tu kati ya wenye magari alikuwa amewahi kusikia habari za sigara.

Zipo pia zilizopakwa na wachoraji wa sanaa. Alexander Calder alianza na BMW mwaka 1975, na mwaka 1979 Andy Warhol aliipaka BMW M1 kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe, katika muda wa dakika 28. Gari likaenda Le Mans likamaliza la sita. Ukilitazama kwa karibu utaona mikwaruzo ya brashi na mahali alipopitisha kidole. Ninaiheshimu kazi hiyo, lakini kwa mbali gari lile linachanganyika na mazingira, na mimi nilifundishwa kupima rangi kwa mbali.

Corolla ya Mwalimu ilinichukua wiki tatu. Nyeusi haifichi kitu: kila bonde la puti, kila mkwaruzo wa msasa, kila kosa la mkono huonekana mchana kweupe, kwa hiyo milango miwili niliirudia mara tatu kwa msasa wa maji kabla ya kuridhika. Tulimwagia sakafu maji kulaza vumbi, tukatundika mashuka yaliyolowa mlangoni, nami nikapiga tabaka la mwisho jioni, chini ya taa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika mchana kutwa. Hapo nilivunja kanuni ya baba, na adhabu ilikuja palepale. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha siku ile. Nilikuwa nimefika kwenye paa nilipoona kitu kinatua juu ya weusi ule mbichi, kisha kingine, na kabla sijazima taa kumbikumbi walikwisha kuingia kwa mamia kupitia chini ya mashuka, wakatua kwenye rangi, wakaacha mabawa yao na kutembea nayo miguu ikichora. Asubuhi paa na boneti vilikuwa kama ngozi ya kobe. Tulianza upya kuanzia kwenye praima, kwa gharama yangu.

Dhahabu niliichanganya saa tano asubuhi, uani, jua likiwa wazi. Dhahabu ya kopo ina njano nyingi mno na hupiga kelele juu ya nyeusi, hivyo niliiongezea kahawia na chembe ya nyeupe, nikawa naipaka kwenye kipande cha bati na kuilinganisha na jani la tumbaku la daraja la limau nililotumiwa na kaka yangu kutoka Urambo ndani ya bahasha. Kopo la nne ndilo lililokubali. Mstari sikuupiga kwa bunduki ya rangi. Niliuvuta kwa brashi ndefu ya manyoya, nikianzia kwenye taa ya mbele, nikifuata mkunjo wa bati chini ya madirisha, pumzi nikiishika kutoka mlango hadi mlango, hadi taa ya nyuma.

Mwalimu alikuja kuchukua gari siku ya Jumamosi mchana. Alilizunguka mara mbili akiwa kimya, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akawasha na kushika barabara ya Sikonge. Nikatoka nikasimama kando ya lami nikihesabu nguzo za umeme. Namba ya gari ilinipotea kwenye nguzo ya tatu, na muundo wa Corolla ukanipotea kwenye ya sita. Mstari wa dhahabu niliuona hadi nguzo ya kumi na moja, pale barabara inapokata kulia nyuma ya miembe.